Nusu Aliyoimeza Rispah

Rispah hakuwa mtu wa kuaminiamini ovyo. Tuseme ukweli wenyewe: hakuwa mtu wa kuamini kabisa. Ukimwambia leo ni Jumatano, atachungulia simu kwanza. Ukimkaribisha chai, atangoja wewe unywe. Katika nyumba ile ya Malaz, mjini Riyadh, alikokuwa ameajiriwa kazi ya ndani kwa miaka mingi, hata chumvi aliionja kabla ya kuitia mchuzini, maana nani ajuaye aliyelijaza lile kopo? Rafiki yake Velma, naye mfanyakazi wa ndani huko upande wa Suwaidi, alipenda kumtania kwamba siku ya kiyama Rispah atamdai malaika kitambulisho. Rispah alicheka sana, halafu akamuuliza Velma hayo maneno ameyatoa kwa nani.

Msimcheke haraka, nyinyi mliolelewa penye amani. Tabia hiyo aliirithi, na aliyemrithisha alikuwa na sababu zake.

Rispah alilelewa na babu yake mzaa mama, mzee Zablon wa Seme, kule karibu na Kisumu. Mzee alikuwa mpiga orutu, ile fidla ya Wajaluo yenye uzi mmoja tu, na kwa uzi huo mmoja aliwatoa machozi hata watu waliokuja matangani kutafuta ubwabwa. Basi siku moja akajitokeza kijana wa mjini, suti imenyooka, ulimi asali tupu. Akaketi na mzee jioni kadhaa akimsikiliza, akasifu wee, akaenda zake. Mwaka haukuisha, redio ya jirani ikatoa wimbo wa Zablon, neno kwa neno, na mtangazaji akamtaja yule kijana kuwa ndiye mtunzi. Mzee aliusikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaitundika orutu ukutani, na tangu siku ile hakumpigia tena mtu wa nje. Rispah, mtoto wa shule ya msingi, alikuwa ameketi pale pale akimenya viazi. Akaona uso wa babu yake. Hajausahau.

Lakini ulibaki wimbo mmoja ambao yule mwizi hakuupata, na huo ndio mzee alioupenda kuliko zote. Aliutunga Burma, wakati wa vita, alipokuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Askari mgeni kutoka nyumbani alimletea habari kwa mdomo kwamba mama yake amefariki na ameshazikwa. Sasa, kwa Mjaluo, mama azikwe na mwana asiwepo kumlilia, hilo ni jambo gumu, linamfuata mtu maisha yake yote. Zablon akakata mwanzi msituni, akatengeneza orutu ya kubahatisha, akamlilia mama yake huko huko ugenini. Wimbo una nusu mbili. Nusu ya kwanza inakwenda kwa kupanda, inapanda, kisha ghafla uta unainuliwa na kunakuwa kimya. Katika kimya hicho mfiwa huita jina la marehemu: Aloo, binti wa Kajulu. Ndipo nusu ya pili inaanza, polepole, inashuka kama mtu anayerudi nyumbani.

Mzee alimfundisha bintiye, na Rispah, basi. Binti akafa. Mzee akafa. Wimbo ukabaki kifuani mwa Rispah peke yake, na alikwenda nao mpaka Uarabuni kimya kimya. Hakuuimba hata siku moja akipiga pasi wala akikanda unga, kwa kuwa wimbo wa matanga hauimbwi jikoni. Ukiuimba bila msiba, unauita msiba. Hata Velma hakuwahi kuusikia.

Sasa huyu Mista Kalum. Alikuwa mwalimu wa fidla, mzungu wa Uskoti, mwembamba, ndevu za rangi ya tangawizi. Alikuja nyumbani kumfundisha Jumana, binti wa madam, maana siku hizi Riyadh watoto wengi wanasomeshwa muziki, jambo ambalo zamani ungelitaja kwa kunong'ona. Mista Kalum alikuwa na adabu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akimaliza kahawa aliosha kikombe chake mwenyewe. Hapo ndipo Rispah alipomwekea alama. Mzungu anayeosha kikombe, kwenye nyumba yenye mfanyakazi, huyo anataka kitu. Alikisugua tena kile kikombe baada ya mwalimu kuondoka, na akawa anamtazama kwa pembe ya jicho kila alipokuja.

Na kweli, siku ikafika akataka kitu.

Ilikuwa asubuhi, Rispah anafunga sambusa. Madam akaja kusimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani, uso umekunjika, akasema mwalimu ameomba ruhusa ampigie Rispah muziki kidogo. Alilisema kwa sauti ya mtu anayeuliza: mwalimu wa mwanangu anakutakia nini wewe? Rispah naye alijiuliza lile lile. Ikama yake, kibali cha kukaa nchini, iko kwa kafili, yaani mdhamini wake, ambaye ni mume wa madam, na mfanyakazi akishatiliwa shaka kwenye nyumba ya watu hapati pa kuegemea. Akafuta mikono yake kwenye aproni.

Mista Kalum akaingia na Jumana, akaiweka fidla begani, hakueleza lolote. Akapiga.

Jamani. Wimbo ulikuwa ule ule. Umevaa nguo za kigeni kidogo, umeongezwa mapambo hapa na pale, lakini mfupa wake ni ule ule: unapanda, unapanda. Mara uta ukainuliwa. Kimya. Na Mista Kalum akabaki hivyo hivyo, uta hewani, amemkazia Rispah macho.

Akamuuliza kwa Kiingereza cha taratibu, "Unajua kinachofuata?"

Rispah alijua. Nusu ya pili ilikuwa imeshafika kooni, imebisha hodi kwenye meno. Jina la Aloo lilikuwa juu ya ulimi. Lakini akili yake ilikuwa imeshakimbia kwingine. Huyu ameupata wapi? Na kwa nini amekomea katikati? Akajijibu mwenyewe, upesi, kama alivyozoea: ameiba nusu, sasa anaitafuta nusu iliyobaki. Amekuja kuikamilishia hapa, kwangu, kwa adabu zake na kikombe chake. Akauona uso wa babu yake mbele ya redio. Akamtazama madam mlangoni, akamtazama tena mzungu.

"Hapana," akasema. "Sijui."

Mwalimu akangoja. Akasema, pengine aliwahi kuusikia kwao, utotoni? Rispah akajibu kwamba kwao hakuna muziki wa namna hiyo, na kwamba mafuta yamepata moto. Mafuta hayakuwa hata motoni. Mista Kalum akashusha fidla, akamshukuru, akatoka. Rispah akameza mate, na ile nusu ikashuka nayo.

Ijumaa, Velma alipopiga simu, Rispah alimsimulia yote, isipokuwa wimbo wenyewe. Velma akampongeza. Alisema wazungu wa siku hizi hawachukui ardhi tena, wanachukua vitu vidogo vidogo visivyo na uzio, na kwamba mtu akikuuliza unachokijua, ujue anajua bei yake. Rispah alilala usingizi mzuri. Alijiona ameilinda nyumba ya babu yake dhidi ya mwizi, na kusema kweli alijivuna.

Kujivuna huko hakukufika mbali. Juma lililofuata, akiwa anakunja nguo kwenye korido, akasikia Jumana anafanya mazoezi chumbani. Alikuwa anapiga wimbo wa Zablon. Nusu ya kwanza, halafu, bila kupumua wala kusimama, nusu ya pili. Yote! Kila mahali pa kushuka palishuka. Rispah aliketi juu ya nguo zilizopigwa pasi.

Kumbe anao wote! Basi kile kiini macho cha jikoni kilikuwa cha nini? Shaka yake, ambayo ilikuwa imejinyoosha kulala, ikaamka na njaa. Mtu mwenye gunia zima haendi kuomba kibaba kwa jirani, ila kama anataka kujua jirani anacho nini ghalani. Na kilichomkera zaidi ni kwamba mtoto alipita katikati moja kwa moja, hakusimama. Wameuchukua wimbo na mahali pa jina la Aloo wamepaziba, kama watu waliojenga choo juu ya kaburi. Alikasirika mpaka akaunguza wali, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

Tangu hapo akawa askari kanzu. Mwalimu akija, Rispah ana kitu cha kupangusa karibu na mlango. Simu ya mwalimu ikiwa mezani, anaifunika kwa kitambaa, asije akawa anarekodi. Jumana, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na mdomo usio na mlango, ndiye aliyemfumbulia fumbo siku moja bila kuulizwa sana, huku anakula mtindi. Alisema wimbo huo ni wa kijiji cha Mista Kalum, wanauita Mjane wa Bondeni, na wapiga fidla wa huko wanaupiga tangu enzi za vita. Aliuleta mjomba wa babu yake, daktari wa jeshi, aliporudi kutoka Burma. Hakusema ameutoa wapi. Wengine kijijini wanaapa aliutunga yeye, wengine wanasema ni wa zamani zaidi, wa huko huko milimani. Na sasa kinachapishwa kitabu cha nyimbo za fidla za sehemu hiyo, na Mista Kalum ndiye anayetakiwa kuandika huu ni wa nani. Asipojua, Jumana akasema huku akilamba kijiko, utaandikwa tu ni wa jadi, wa Uskoti, mtungaji hajulikani.

Rispah alisimama na sahani mkononi. Burma. Babu yake alizoea kusimulia habari za mzungu mmoja wa huko, mtu wa dawa, aliyekuwa na fidla yake na akija jioni kuketi na askari weusi. Jina hakumtaja, alimwita tu yule wa nyuzi nne. Basi ni yeye! Ni yeye aliyeiba. Na huyu ndevu tangawizi ni mjukuu wa mwizi, anakuja kutafuta risiti ya mali ya wizi. Angeweza kusema siku ile ile. Mwalimu alikuwa sebuleni. Lakini shaka ikamshika mkono: ukisema, atakuandika wewe kama shahidi wake, na jina la juu litakuwa lake. Kaa kimya uone mwisho. Akaosha sahani.

Onyesho la wanafunzi, miezi kadhaa baadaye, lilikuwa Jeddah, ambako dada wa madam anaishi. Walipanda ndege, Rispah akiwa na kitindamimba wa madam, mdogo wa Jumana, mapajani na shaka yake kifuani. Ukumbi ulikuwa katika nyumba moja iliyotengenezwa upya kwenye mtaa wa zamani, madirisha ya mbao za kuchongwa, joto la bahari likiingia kila mlango ulipofunguliwa. Baada ya Magharibi watu wakajaa. Rispah alisimama nyuma, mtoto amelala begani.

Zamu ya Jumana ilipofika, Mista Kalum alipanda kwanza kusema maneno mawili. Akausimulia wimbo kama Jumana alivyousimulia jikoni. Kisha akaongeza jambo ambalo Rispah hakuwa amelisikia. Alisema katikati ya wimbo kuna mahali pa kusimama. Si pazuri kimuziki, wageni hudhani mpigaji amesahau, na watoto hupenda kuruka hapo wakiwa nyumbani. Lakini yule mjomba aliwafundisha wanakijiji kwa ukali kwamba anayepita hapo bila kusimama hajaupiga wimbo. Walipomuuliza sababu, aliwajibu tu kwamba ameahidi. Akafa hivyo. Mpaka leo kijiji kizima husimama hapo, na hakuna ajuaye wanamsubiri nani.

Jumana akapiga. Ukapanda, ukapanda, na uta ukainuliwa. Ukumbi wote ukanyamaza. Mtu mmoja alianza kupiga makofi akaona haya. Madam akakaza shingo akidhani mwanawe amekwama. Mtoto alisimama tuli, uta hewani, mrefu kuliko umri wake.

Rispah alihisi kitu kinavunjika ndani yake, nacho kilikuwa kile alichokijenga miaka yote. Mwizi huiba sauti, nani huiba kimya? Yule wa nyuzi nne hakuiba. Aliomba, akapewa, na akapewa pamoja na mahali pa Aloo, akaapa kupalinda. Pengine jina lenyewe liliupiga chenga ulimi wake wa kizungu, au aliona si lake kulitamka. Lakini mahali pake alipaacha wazi, na watu wasiomjua Aloo wamekuwa wakisimama kwa ajili yake kwenye harusi na ngoma zao, mwaka baada ya mwaka, huko kwenye baridi. Na mimi, akasema moyoni, mimi mwenye jina, nilisema mafuta yamepata moto. Uta ukashuka, nusu ya pili ikaanza kurudi nyumbani, na Rispah alilia juu ya kichwa cha mtoto wa watu.

Makofi hayajaisha alikuwa ameshamkabidhi madam mwanawe, jambo la kuthubutu, akamfuata Mista Kalum kwenye ujia wa nyuma.

"Wimbo ule ni wa babu yangu," akamwambia.

Akamwaga kila kitu: Seme, orutu, Keya, mama aliyezikwa mwana hayupo, yule wa nyuzi nne, kimya na jina linaloitwa ndani yake. Alisema kwa haraka, Kiingereza chake kikijikwaa. Mwanzoni uso wa mwalimu uliwaka kama taa, mkono wake ukashika ukuta. Kisha akauliza kwa upole ni nani mwingine kwao anayeweza kuumalizia wimbo huo akianzishiwa. Rispah akawapitia moyoni. Babu, kaburini. Mama, kaburini. Wazee waliousikia matangani waliusikia tu, hawakuushika.

"Mimi tu," akasema, na hata masikioni mwake mwenyewe lilisikika kama jibu la muongo.

Ile taa ikapungua. "Rispah, siku ile jikoni nilikuuliza."

"Nilikudanganya. Nilikuogopa."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, hakuonyesha hasira. Akamweleza. Kwa miaka mingi amewauliza watu wa Afrika Mashariki, wauguzi, madereva, wahandisi. Mwanzoni alikuwa akiwasimulia habari ya Burma na ile sehemu ya kusimama, na kila mtu alikuwa na babu. Mmoja alisema hapo wachezaji hugeuka, mwingine akasema hapo watu hunywa pombe. Ndipo akaamua asiseme kitu tena. Apige nusu tu, anyamaze. Mwenye wimbo wake ataumalizia, na asiye wake hawezi kubuni. Huo ndio uliokuwa ushahidi pekee ambao kijiji chake kingeukubali.

"Ungeimba sauti tatu tu za mwanzo siku ile," akasema, "ningesimama mbele yao wote nikaapa. Lakini sasa umeusikia kwa Jumana miezi mizima. Burma umeisikia kwake. Kusimama nimekusimulia mimi mwenyewe sasa hivi. Nikaape kwa kipi?"

Rispah alimtazama machoni, na jicho lililomtazama alilijua. Lilikuwa jicho la kuonja chumvi kabla ya kuitia mchuzini. Halikuwa na ubaya wowote. Lilikuwa limeumwa siku nyingi, basi.

Hakuwa na jingine la kutoa. Matanga hayakuwepo, lakini aliimba. Aliimba hapo ujiani, katikati ya masanduku ya fidla na watoto waliovaa viatu vipya, kwa sauti ya chini ya Kijaluo. Akapanda, akapanda, akanyamaza. Katika kimya aliita, "Aloo, nyar Kajulu," mara ya kwanza tangu mama yake azikwe. Kisha akashuka nayo ile nusu aliyoimeza, polepole, mpaka mlangoni kwa babu.

Mista Kalum alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, kama mtu mwenye adabu alivyo.

"Umeimba vizuri sana," akasema. "Jumana ana bahati. Si kila mtoto ana mtu nyumbani anayemsikiliza kwa makini hivyo akifanya mazoezi."

Rispah akamshukuru, maana ndivyo mtu anavyojibu akisifiwa. Kisha akaenda kumsaidia Jumana kufunga fidla.